Fundi Pua na mipira mitatu

Saa moja na nusu asubuhi. Fundi Pua ameinamia injini ya pikapu yenye umri mkubwa kuliko ndoa yake. Ameshika mipira mitatu myembamba iliyochomolewa na fundi mwingine na kuachwa inaning'inia. Yote myeusi, unene mmoja.

Mmoja huleta mvuke wa petroli kutoka kwenye tanki hadi kwenye kopo la mkaa linalounasa. Wa pili huutoa humo na kuupeleka injini ukaungue. Wa tatu huingiza hewa kwenye kopo hilo. Ukikosea, mvuke unamfuata dereva ndani. Mwenye gari, mwalimu mstaafu na mteja wake wa miaka mingi, anasema kila akiendesha kichwa kinamgonga.

Zamani Pua angenusa ncha za mipira na kumaliza kazi chai ikiwa bado ya moto. Jina alilipatia hapo. Sasa anatia mpira mdomoni na kupuliza, huku mkewe ametega sikio kwenye mdomo wa tanki. Akisikia upepo, anagonga bodi mara moja.

Majirani wa gereji wanajua mama huyu huleta chai tu. Ukweli ni kwamba pua ya Pua imekufa. Ameficha hilo miaka minne, na amekubali habari hii iandikwe kwa sababu amechoka kuigiza.

"Miaka ishirini na sita nafyonza petroli kwa mdomo," anasema. "Hakuna aliyenishika mkono akaniambia acha. Walinisifia."

Injini inawashwa. Mkewe anapita karibu akiwa na birika lake la chai, ananusa, anatikisa kichwa. Pua anagundua amepishanisha mpira wa injini na ule wa hewa. Anarekebisha kimyakimya. Safari hii mkewe anaitikia kwa kichwa.

Mwalimu hajaridhika. Anamtaka fundi anuse mwenyewe ndipo aamini. Pua anainama, anavuta pumzi ndefu kama alivyozoea kuwadanganya wengine. Kisha anainuka.

"Mwalimu, mimi sisikii harufu hata ukinimwagia petroli usoni. Aliyenusa ni mke wangu."

Mwalimu anauliza kama miaka yote hii gari lake lilikuwa linatengenezwa kwa kubahatisha. Mwalimu anachukua funguo bila kuaga na kuondoka, madirisha yote wazi.

Kufikia adhuhuri habari imezunguka gereji nzima. Wateja wawili wamehamia kwa fundi wa jirani. Inauma, na Pua hafichi kwamba inamuuma.

Daktari alimwambia akikaa mbali na petroli huenda harufu ikarudi kidogo, bila kuahidi chochote. Mwezi ujao anataka kufunga gereji na kujaribu, ingawa hajui watakula nini.

"Si kwa ajili ya magari," anasema, akifuta mikono. "Binti yangu ana mtoto wa miaka miwili. Nimembeba tangu siku aliyozaliwa, na sijui ananukiaje."