Darasa Lililohesabiwa Halipo

Wanafunzi walimwita Mama Koma, maana aliweza kumsamehe aliyechelewa, lakini si aliyeandika sentensi ndefu isiyo na pa kupumulia. Alifundisha lugha maisha yake yote, na mumewe, fundi redio, alishazoea kumkuta akisahihisha insha huku anacheka peke yake.

Mwaka ule shule ililetewa mfumo wa mahudhurio. Kila mwalimu wa darasa alipewa kishikwambi, abonyeze majina ya waliofika kabla ya kengele ya pili. Kengele ikilia, mfumo unajifunga, na ambaye hajabonyezwa anahesabiwa hayupo. Mama Koma hakuuchukia. Alijifunza taratibu, miwani ikimning'inia puani, huku mwalimu wa hisabati akimtania, "Dada, gusa tu! Mbona unakikanda kama unga?"

Asubuhi moja mtandao ulikatika. Alibonyeza majina yote, kiduara kikazunguka weee, kengele ikalia. Mtandao uliporudi, darasa zima lilikuwa jekundu: hakuna aliyefika. Alijaribu kurekebisha, mfumo ukagoma. Akajisemea atalipeleka suala hilo kwa mwalimu mkuu wakati wa mapumziko, akaendelea na somo. Hakujua kuwa wazazi walishatumiwa ujumbe na mfumo.

Somo halijafika mbali, mlango ukasukumwa bila hodi. Aliingia mama mmoja mshonaji, utepe wa kupimia ungali shingoni, anahema. Macho yake yalipita dawati kwa dawati mpaka yakamfikia binti yake.

"Upo?"

"Nipo, mama. Kwani kuna nini?"

Akaketi sakafuni pale pale mlangoni, akalia. Watoto walianza kucheka, kisha wakanyamaza wenyewe.

Mama Koma alichuchumaa kando yake. "Nisamehe, mama. Ni huu mfumo wetu."

"Mwalimu, mwenyewe nimemvusha barabara asubuhi. Halafu naambiwa hajafika." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nimepitia hospitali kwanza."

Alipomsindikiza hadi getini, alimpa namba yake ya simu, kisha akaenda moja kwa moja ofisini. Simu ya pale ililia mfululizo. Mwalimu mkuu alikuwa ameduwaa mbele ya kompyuta.

"Mwalimu, huku inaonekana darasa lako halina mtu."

"Basi njoo uwasikie hao wasiokuwepo wanavyopiga kelele."

"Tumeagizwa tufuate mfumo, unajua."

"Mkuu, kuna mama alipitia hospitali kwanza, kumtafuta mtoto ambaye nilikuwa naye mimi."

Mwalimu mkuu aliiacha kompyuta. Kisha akampigia fundi wa mfumo: ujumbe wowote usitoke kabla mwalimu wa darasa hajauthibitisha. Fundi akasema hilo haliwezekani. Kabla ya chakula cha mchana, likawa limewezekana.

Matatizo mengine yalibaki. Alama za mahudhurio ziliendelea kupotea, na walimu kuziingiza upya huku wakisonya. Ila kila asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, simu ya Mama Koma ililia, yule mshonaji akiuliza.

"Kafika?"

"Kafika, mama. Endelea na kazi."

Baada ya muda simu zile zikapungua, mwisho zikakoma kabisa. Mama Koma alifurahi kwamba mwenzake ametulia. Lakini asubuhi kadhaa za mwanzo zisizo na simu alijikuta akiitazama simu mezani, kisha anamtazama yule binti, kisha ndiyo anafungua kitabu.