Siku Tata Mukwe Alitafuna Gurudumu ya Treni

Mi si mutu wa kusikia haya mbio (ba ndugu yangu bote banajua), lakini mambo nilifanya kwa Tata Mukendi, baba ya Mado, muchumba wangu, kule Dilala, mpaka leo nikikumbuka ninafunika uso.

Tata Mukendi aliendesha treni ya madini miaka na miaka mpaka alipopata retraite, akastaafu, basi siku ya kwenda kumuomba binti yake nilijisemea: bengine banaleta mbuzi, mi nitaongeza treni! Treni ndogo ya mufano, ya pile (betri), itembee juu ya meza na kumupelekea glasi yake ya bière mu wagon.

Binamu yangu Ilunga ndiye aliagiza ku internet. Akapiga simu: "Kuko échelle, bipimo, mbili: moja kwa makumi mbili na mbili, ao moja kwa makumi munane na saba. Nikamate gani?"

"Kamata ile kubwa," nikajibu, na kiburi yote, "makumi munane na saba!" (Nani aliniambia kama ile namba ni mara ngapi banapunguza treni ya kweli, na kama namba ikipanda, treni inashuka?)

Carton ikafika, sikuifungua, nilitaka iwe surprise. Nikaenda kwa seremala, akachonga daraja ya mbao, upana sawa mukono wangu, kutoka kiti yangu mpaka ya Tata Mukendi, juu ya masahani yote.

Siku ikafika, familia bote banaangalia, ninafungua: locomotive ni kidole! Wagon haiwezi kubeba hata kizibo ya chupa.

Tata Mukendi akavaa miwani. "Mwanangu, hii inabeba nani? Ba mende?"

"Itatembea tu, tata," nikasema (hapo ningenyamaza), nikaiweka juu ya mbao bila reli, nikafinya bouton, ikakimbia upande, pwaa! mu sahani ya sombe, majani ya muhogo. Nikaitoa, nikaipanguza na cravate ya shingo yangu, nikasema, "Tukule, tukule." Sikuhesabu magurudumu.

Krak!

Tata Mukendi akatoa kitu mu kinywa, akakiweka mu kiganja, akakiangalia sana. Mado alikuwa chini ya meza, anakufa na kicheko.

"Niliendesha treni maisha yote," muzee akasema polepole, "leo ndiyo mara ya kwanza ninaikula. Mado nitakupa. Lakini usafiri ya ndoa tutapanga sisi wenyewe."

Tangu hapo, kitu chochote cha kuagizwa, ninaomba bapime na mukono kwanza, na carton ninafungulia chumbani, mulango umefungwa.