Vidole Visivyokuwepo

Mguu wangu wa kulia ulikatwa chini ya goti baada ya pikipiki kuniangusha njia ya Korogwe, na ndugu zangu wakauzika shambani kwetu Kwedizinga. Nilidhani maumivu yamezikwa nao. Thubutu! Kidonda kilipona, magongo nikayazoea, lakini vidole vya mguu uleule uliozikwa vikaanza kujikunja na kubana, kama mtu aliyekunja ngumi akagoma kuifungua. Usingizi ukanipaa. Kushona ndiyo kabisa: mguu wa kushoto ukikanyaga cherehani, ule usiokuwepo unaniuma mpaka naacha kitambaa katikati. Nikafunga duka langu pale Handeni mjini, na mimi bila kushona sijui ni nani.

Nikisema mguu unauma, watu walitazama chini, kisha wakatazamana. Mume wangu alininyamazia kwa huruma, ile ya kumnyamazia aliyechanganyikiwa, na iliniudhi kuliko tusi. Shangazi peke yake ndiye aliyeuliza, "Unauma vipi?" Nikamweleza. Akafikiri, akasema, "Basi waliuzika vibaya, vidole vimekunjika. Twende tukaufukue, tuvinyooshe."

Nilimfokea. Mimi mdomo ninao, sikatai. Nikamwambia kama ana nguvu za kufukua, akapalilie mahindi yake. Asubuhi alijifunga khanga, akanisindikiza hospitali Korogwe.

Huko tulimkuta binti wa mazoezi ya viungo, mpole, mwenye sauti ya kimwalimu. "Maumivu yako ni ya kweli, mama," akaniambia. Akaeleza kwamba ubongo umetenga nafasi kwa kila kiungo. Mguu umeondoka, nafasi yake imebaki. Ubongo unaagiza vidole vikunjuke, haupati jibu, unazidi kukazana, na huenda huko kukazana ndiko ninakokusikia. Alikiri kwamba hata wataalamu hawajamaliza kulielewa jambo hili. Lakini macho, alisema, yanaweza kuupa ubongo jibu unalolingoja, na kinachohitajika ni kioo tu.

Kioo ninacho, kile cha dukani ambacho wateja hujitazamia. Tulikilaza kwa ubavu katikati ya miguu yangu, kigutu kikajificha nyuma, na ndani ya kioo mguu wa kushoto ukaonekana kama ndio wa kulia. Nikakunja vidole, nikakunjua, huku nikivitazama. Mwanzoni niliona upuuzi mtupu. Shangazi alikishikilia kisianguke, jioni baada ya jioni, akilalamikia kiuno chake.

Jumapili moja nilikunjua vidole, na vya upande wa pili vikafunguka. Nilivisikia kimoja kimoja, mpaka kile kidogo cha mwisho. Nikatulia tuli, naogopa visijikunje tena. Shangazi akaniangalia usoni.

"Vimenyooka?"

Mguu umeshaoza ardhini, na mwanamke huyu ananiulizia vidole vyangu kama anayeuliza watoto wameamkaje. Nililia kwa kwikwi. Miezi yote ile nilidhani naumia peke yangu, kumbe si peke yangu.

"Vimenyooka, shangazi."

"Si nilikwambia vimekunjika?"

Wiki ileile nilifungua duka. Siku mojamoja bado vinabana, hasa nikichoka. Hapo nakilaza kioo, na mteja anasubiri.