Siku Shemasi Alipocheza

Nyayo zikiburutwa juu ya saruji yenye vumbi hutoa mlio mmoja tu, shwaa, shwaa, na kila ninapousikia kidole gumba cha mguu wangu wa kulia huanza kuwasha. Kila Jumamosi nafundisha wasichana karate, huku mtaa wa Ruwenzori mjini Beni, katika chumba kilichokuwa zamani stoo ya saruji. Ukucha wa kidole hicho umeota kombo. Wasichana wangu hawana haya, huniuliza ni adui gani aliyenivunja. Huwajibu kwamba ni mambo ya karate, waendelee na kazi. Si kweli. Aliyenikanyaga ni baba yangu, mchana kweupe, akicheza ngoma mbele ya askari, naye alikuwa shemasi.

Niwaeleze kwanza nilivyokuwa, maana bila hivyo hamtaelewa hasira yangu. Nilikuwa msichana asiyetulia. Tulikaa Vulamba, Butembo, miaka ile ya vita ambapo mji wenyewe haukutulia: leo shule inafunguliwa, kesho inafungwa, askari hawa wanaondoka, wale wanaingia, na kila kundi linakuja na bariyeri zake za kuzuia barabara na namna yake ya kutukana. Mama aliweka mifuko nyuma ya mlango, tayari kwa kukimbia. Tukihitaji sufuria tunaifungua, tukimaliza kula tunaifunga tena. Watu wazima walikaa ukingoni mwa viti. Mimi hata kukaa kulinishinda. Kanisani miguu yangu ilibembea chini ya benchi mpaka Mama aibane kwa goti lake.

Baba alikuwa kinyume changu kabisa. Aliimba besi kwenye kwaya, mikono imenyooka kwenye mshono wa suruali, viatu vyeusi vimeng'aa, na hakuna aliyewahi kuona bega lake likitikisika. Sisi Waprotestanti wa parokia ile hatukucheza. Wakatoliki wa jirani walicheza mpaka mbele ya altare, na Baba aliwasikitikia kwa dhati, kama mtu anavyomsikitikia jirani mwenye paa linalovuja.

"Kucheza njo mulango," alituambia. "Ukiingia tu, unakuta pombe iko nakungoya, imekaa kwa kiti."

Karate aliikubali kwa sababu ya neno moja. Maître Muhindo, muuguzi aliyefundisha karate katika depo tupu ya kahawa, alikuja nyumbani kuniombea. "Papa shemasi, huyu mutoto iko na nguvu mingi," alisema. "Karate haiko bagarre, haiko kupigana ovyo. Ni discipline." Baba alilipenda neno discipline, yaani nidhamu, kuliko nusu ya maneno ya Agano la Kale. Basi Mama akanishonea kimono, vazi la karate, kwa mifuko ya unga wa msaada. Herufi za buluu zilikataa kutoka kwa sabuni yoyote, na nilipoinama kusalimu, darasa zima lilisoma makalio yangu.

Jirani yetu Masika, Mkatoliki, alikuwa katika kundi la wasichana wanaocheza misani. Baada ya karate nilipita kwao, akanifundisha hatua nyuma ya ua wa mikaratusi. Hapo ndipo taabu ilipoanza, kwani mwili wangu ulikataa kutenganisha mambo hayo mawili. Goti linalokunjwa ni lile lile. Kiuno kinaanza, mkono unafuata. Unahesabu, unageuka, unajua mwenzako yuko wapi bila kumtazama. Masika alilalamika: "Katungu, uko nacheza sawa mutu mwenye anapiganaka!" Na kule depo Maître alinipigia kelele: "Katungu, hapana cheza! Hapa haiko misa!" Kwenye karate nilikuwa mchezaji, kwenye ngoma mpiganaji, na mimi sikuona tofauti yoyote isipokuwa kwamba kwa Masika hakuna aliyenitandika fimbo ya miguu.

Baba alinikuta siku moja nyuma ya ua ule, kiuno kikienda. Hakunipiga. Alisimama akatazama, halafu akasema karate imekwisha, na kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa tena, angenipeleka kwa shangazi yangu kule Mavivi, upande wa pili wa Beni, nikalime naye mpaka nitulie. Nilimchukia wiki nzima, bila kupumzika. Asubuhi ya safari nikakificha kimono kwenye mfuko wangu, chini ya viazi vya shangazi. Sikumwambia mtu. Kama mnatafuta kosa katika habari hii, ndilo hilo, na ni langu.

Kamioni ilijaa watu na magunia. Tulipokaribia Beni tukakuta bariyeri, kamba iliyofungwa vitambaa katikati ya barabara, na askari wakatuteremsha wote. Msiniulize walikuwa askari wa nani. Siku zile jibu lilibadilika kila mara. Wakamwaga mifuko. Viazi vikabingirika mpaka mtaroni, na mbele ya mguu wa Baba kikaanguka kimono changu.

Mkubwa wao alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani ya jua. Alikiinua kwa ncha ya bunduki.

"Muzee, ya nani hii? Uko nafundisha Mai-Mai kupigana?" Alimaanisha wanamgambo wa msituni.

"Hapana, shefu," Baba akaanza. "Hii ni nguo ya..."

"Ni yangu," nikasema.

"Yako? Basi onyesha, tuone."

Nikaonyesha. Nilifanya kata ya kwanza, yaani zile hatua zilizopangwa ambazo mtu hupigana na watu wasioonekana. Sikuogopa, na hilo ndilo linalonitia baridi mpaka leo. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimekaa siku saba bila kurusha hata ngumi moja. Askari wakaanza kupiga makofi. Mmoja akapiga ngoma kwa bidoni, dumu tupu la mafuta, na mwili wangu, kama ilivyokuwa tabia yake, ukaifuata bidoni. Ngumi zikapata kiuno. "Bina! Bina!" wakanihimiza kwa Lingala, cheza, cheza, nami nikacheza na kupigana kwa wakati mmoja, vizuri kuliko nilivyowahi kufanya kwa Maître au kwa Masika.

Mkubwa akavua miwani. Akanitazama toka kichwani hadi miguuni, polepole.

"Huyu atabakia," akasema. "Atatufundisha. Nyinyi bengine, mupande kamioni."

Mungu anisamehe, nilifurahi. Hatimaye mtu alikuwa ameona ninachoweza! Makofi yalikuwa yamekoma, na mama mmoja mwenye mabidoni ya mafuta ya mawese alikuwa ameinamisha uso, lakini sikujiuliza kwa nini.

Baba akavua kofia. Akampa yule mama kofia na Biblia yake, akamwomba apande. Halafu akaanza kucheza.

Sijawahi kuona uchezaji mbaya kama ule. Viatu vyake vyeusi vilikwaruza barabara, shwaa, shwaa. Aliimba wimbo wa kwaya, kwa besi, kwa kasi ya mtu anayefukuzwa na nyuki. Magoti yalikwenda nje, makalio nyuma, mikono ikapunga hewani bila mpango. Askari walicheka mpaka mmoja akakaa chini. "Muzee, bina!" Akafika nilipokuwa, akanisukuma kwa mgongo. Nikasogea. Akageuka, akanikanyaga kidole kwa kisigino. Nikasogea tena.

"Baba, uko nanikanyaga!"

Akanikanyaga mara ya pili na ya tatu, akizunguka, mikono ikipunga, mpaka sikuona chochote ila koti lake lililolowa jasho. Nilikuwa karibu kulia kwa hasira. Aliyenikataza kucheza alikuwa amenipokonya zamu yangu, na kwa ubaya ule! Mgongo wangu ukagonga nyuma ya kamioni. Mikono ya yule mama ikanishika kola kutoka juu, ikanivuta ndani na kunifunika kikwembe, kitenge chake, katikati ya mabidoni.

Dereva akawasha. Kupitia tundu la kikwembe nilimwona Baba bado anacheza, sasa akirudi kinyumenyume huku akiwapungia askari kama bwana harusi, nao wakimpungia, mkubwa wao akijifuta machozi ya kicheko. Mwingine akateremsha kamba. Kamioni ilipoanza kusogea Baba akaukamata mnyororo wa nyuma, akajivuta ndani. Sijui yule mkubwa alikumbuka saa ngapi kunitafuta. Kimono kilibaki kwake.

Baba alikuwa anahema. Kiatu kimoja kilikuwa kimefunguka mdomo. Aliwaambia waliokuwa karibu, kwa sauti ya chini, "Bamama, bapapa, naomba. Mukisema, museme mimi nilicheza. Ya mutoto muiache." Nikaona jinsi alivyo na wivu: hataki hata watu wajue nilivyofanya vizuri.

Nikatoa kichwa kwenye kikwembe. "Si ulisemaka kucheza ni zambi?"

"Nilisemaka," akajibu.

Habari zilifika Butembo kabla yake, na abiria walikuwa wameshika ombi lake: shemasi amecheza barabarani, mbele ya askari, tena kwa wimbo wa kanisa! Wazee wa parokia wakamwita. Walimuuliza kama ni kweli, akasema ni kweli. Walimuuliza kwa nini, akasema hana la kuongeza. Wakamvua ushemasi, wakamweka mbali na Meza ya Bwana kwa mwaka mzima, na adhabu hiyo waliiita discipline. Mama aliniandikia haya yote Mavivi. Niliisoma barua kichakani nikaona haki imetendeka.

Miaka saba baadaye nilikuwa nimerudi Butembo na kwenye depo ya kahawa, maana Baba mwenyewe ndiye aliyenirudisha, bila maelezo. Siku moja baada ya mazoezi nilimsimulia Maître habari ya bariyeri ili acheke. Hakucheka. Alichukua chaki, akachora sakafuni: hapa kamba, hapa mkubwa, hapa kamioni, kwenye mlango wa depo. Akaniweka mahali pangu.

"Papa alienda namna gani? Unionyeshe."

Nikamwelekeza, hapa aligeuka, hapa alinikanyaga, naye akazifuata hatua za Baba moja moja. Shwaa. Nikarudi nyuma. Shwaa. Nikarudi tena. Kila nilipokanyagwa nilikuwa nimesogea hatua, na kila alipogeuka mgongo wake ulikuwa kati yangu na yule mkubwa wa chaki. Alipofika mara ya tatu, kisogo changu kiligonga mlango.

Maître akasimama pale na chaki mkononi. "Ile kitu niko nafundisha miaka mingi, na batu habaijuake," akasema. "Yeye nani alimufundisha?"

Hakuna aliyemfundisha. Nilikaa chini kwenye saruji, na ndipo maneno ya yule kijana, "Huyu atabakia", yaliponifikia kwa mara ya kwanza. Nilielewa walichokuwa wakitaka. Nilielewa kwa nini Baba hakuwajibu wazee: kujibu kungekuwa kunitaja mimi, msichana wa miaka kumi na mitatu, mbele ya parokia nzima, na watu wangeanza kukisia yaliyotokea na yasiyotokea.

Nilikwenda Vulamba kwa miguu, karibu nikimbie. Baba alikuwa uani, anang'arisha viatu vile vile, vilivyoshonwa mdomo. Kwenye Meza ya Bwana walikuwa wamemrudisha, lakini ushemasi hakuurudia tena. Nikainama mbele yake salamu ya karate, kwa sababu mwili wangu haukujua heshima kubwa kuliko hiyo.

"Baba, ile siku ya bariyeri, nimeielewa leo. Unisamehe."

Aliendelea kupaka dawa ya viatu. Kisha akautazama mguu wangu.

"Nilikukanyagaka nguvu," akasema. "Iliumaka?"

Ukucha ule uling'oka siku chache tu baada ya kufika Mavivi, na nilichechemea msimu mzima wa mvua nikimlaani.

"Hapana, Baba," nikasema. "Haikuumaka hata kidogo."

Akaitikia kwa kichwa, akachukua kiatu cha pili.