Aambiwa alete kiti kizuri, yeye aleta cha chooni

"Kaa. Sasa tikisika," anasema kijana mwenye ovaroli ya buluu.

Mwanafunzi mwenzake, pande la mtu ambaye darasa zima linamwita Tani Moja, anajishusha taratibu juu ya kiti cha bomba chenye tundu katikati. Anayumba kushoto, anayumba kulia. Kiti hakitoi sauti.

"Hapo unacheza muziki. Tikisika kama mtu anayetaka kusimama na magoti hayataki."

Tani Moja anashika vishikio vya pembeni, anakunja uso kama mzee, anajinyanyua kwa miguno. Karakana nzima inaangua kicheko. Kijana wa ovaroli hana habari nao. Amechuchumaa, macho kwenye mguu wa nyuma wa kulia, ambao umenyanyuka kidogo kutoka sakafuni. Anautia alama ya chaki.

Ni asubuhi ya siku ya kazi katika chuo kinachofundisha ubunifu wa bidhaa. Kwenye meza za jirani kuna taa za kusomea, kabati za kukunja na redio iliyotiwa ngozi, vitu vinavyong'aa kiasi cha kuona haya kuvigusa. Hapa kwenye kona kuna kiti cha kuwekwa juu ya tundu la choo cha kuchuchumaa, kimepakwa rangi ya kijivu iliyobaki baada ya kupaka mlango.

Mgongoni mwa ovaroli limetariziwa neno moja kwa uzi mwekundu: WAZIRI. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Ni kifupi cha Waziri wa Vyoo, cheo alichotunukiwa na darasa siku alipotaja mradi wake wa mwisho.

"Walikuwa wananiita kwa kunong'ona," anasema. "Nikaona kwa nini watu wapate tabu. Nikaenda kwa fundi cherehani, nikalipia herufi sita."

Ana miaka ishirini na minne, na kiti hicho kimeshamponza mara moja. Jopo la watahini lilikikataa na kumtaka arudie. Zimebaki wiki tano kabla hajasimama tena mbele yao. Akikataliwa mara ya pili, masomo yake ya miaka mitatu yataishia hapo, bila cheti.

Anachotakiwa kufanya ni kitu chepesi mno. Nyumbani kwao kuna kiti kingine alichokitengeneza kwa mikono yake, kizuri, ambacho jopo linakitaka. Akikipeleka hicho, amefaulu. Hataki.

Ili kuelewa ukaidi huu, inabidi kwanza kumjua Bibi.

Bibi ndiye aliyemlea, akisaidiana na bintiye, shangazi wa kijana huyu, katika vyumba viwili kwenye uwanja wenye familia nne na choo kimoja. Kama bibi wengi na wajukuu wao wa kiume, wanaitana mume na mke, na kutaniana kwao hakuna likizo. Akichelewa kurudi kutoka chuoni, huulizwa mlangoni ameoa wapi tena.

Mwaka jana Bibi alianguka jikoni. Zahanati wakasema mwili umekauka, hauna maji. Nesi alipomuuliza anakunywa kiasi gani, Bibi alijibu, "Ya kunitosha," akageukia ukutani.

Aliporudi nyumbani, wakaanza kumhudumia kwa zamu. Kila jioni aliwekewa chai ya rangi, na kila jioni kikombe kilirudi kitupu. Watu wakashukuru. Wakati huohuo ua lililokuwa kwenye kopo dirishani, ambalo miaka yote lilikuwa la kuhurumiwa, likaanza kunenepa. Shangazi akawa anawatambia majirani kwamba ana mkono wa kupanda.

Siku moja Waziri alirudi mapema. Akiwa bado uwanjani, aliuona mkono wa Bibi umetoka dirishani, kikombe kimeinamishwa juu ya kopo.

"Nikamuuliza, Bibi, kwani chai mbaya? Akaniambia, chai nzuri, mume wangu, lakini chai haikai. Ikiingia lazima itoke. Na mimi kule, kushuka nashuka. Kupanda ndiyo kesi."

Magoti yalikuwa yamegoma. Kila alipokwenda msalani ilibidi amwite bintiye aje kumnyanyua, mlango ukiwa nusu wazi, na wenzao wakiwa wanafua nguo pale pale nje. Bibi alipima mambo akaona bora asinywe.

"Mama alikuwa radhi afe na kiu kuliko kuniita," anasema Shangazi. "Mimi mtoto wake, niliyekuwa nalala naye chumba kimoja, sikujua. Najisifia maua."

Waziri anasema usiku ule alikasirika hadi akashindwa kula. Alikasirikia choo, akajikasirikia yeye mwenyewe, akakasirikia na chuo chake. "Miaka miwili nafundishwa kuchora viti. Nimechora kiti cha mkurugenzi, kiti cha uwanja wa ndege, kiti cha ufukweni. Mtu wangu wa nyumbani hana pa kukaa pale anapohitaji kukaa kuliko popote."

Darasani, zamu yake ya kutaja mradi ilipofika, alisimama akasema, "Kiti cha choo." Wapo waliocheka hadi machozi. Mkuu wa idara hakucheka. Alimshauri kwa upole achague kitu ambacho hatakionea haya atakapokwenda kuomba kazi. Waziri akatia pamba masikioni.

Kiti cha kwanza kilimchukua miezi miwili. Kilikuwa cha mbao ngumu, mgongo umepinda kufuata uti, mikono imelainishwa kwa msasa hadi inateleza kama sabuni, na tundu lina kifuniko kinachokaa sawasawa hata usijue kwamba lipo. Kila Jumamosi alikuwa akichomelea madirisha kwa fundi mmoja wa mtaani, na nusu ya alichopata ilikwenda kwenye mbao na vanishi. Mkuu wa idara alikizunguka mara mbili, akakipapasa, akasema hicho kitakwenda kwenye maonyesho.

Waziri akakibeba nyumbani kifua mbele. Bibi alikitazama muda mrefu, akambusu mjukuu wake kwenye paji la uso, akaagiza kiwekwe sebuleni, pale penye mwanga. Juu yake akaweka mto alioufuma mwenyewe.

"Tukadhani anakizoea kwanza," anasema Shangazi. "Wiki ikapita, mbili zikapita. Chooni hakiendi."

Kisha mwenye nyumba akaja kuulizia kodi. Bibi akamkaribisha kwenye kiti cha heshima. Mzee wa watu akakaa, akaegemea, akapewa chai, akasifu. Shangazi alikimbilia jikoni na kujiziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo. Waziri alibaki amesimama, jasho linamtoka, akiomba kifuniko kisisogee. Wakati wa kuaga, mwenye nyumba aliuliza nani fundi, maana anataka viwili kama hicho kwa ajili ya sebule yake.

"Ametengeneza mume wangu," Bibi akajibu kwa fahari.

Leo wanaisimulia wakishika mbavu. Siku ile, anakiri Waziri, alitoka nje akakaa juu ya ndoo na kuona miezi miwili imekwenda na maji. Alimrudia Bibi akamuuliza kwa nini.

"Kiti kizuri hivi nikipeleke chooni?" Bibi akamwambia. "Halafu kila nikikibeba kukatiza uwanja, si ni kupiga mbiu? Jamani, tazameni, bibi huyo anakwenda. Wewe umenipa kiti, mume wangu. Mimi sikutaka kiti changu. Nilitaka kwenda kama watu."

Hapo, anasema Waziri, ndipo alipoanza kusoma ubunifu. Katika michoro yake yote, juu kabisa, alikuwa ameandika "Kiti cha Bibi". Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa yanamfukuza mwenye kiti.

Akaanza upya. Safari hii alitumia bomba la chuma, lisiloogopa maji wala sabuni ya unga, na vishikio viwili vya kujinyanyulia. Kinajikunja na kutundikwa kwenye msumari ukutani, ili asiyekihitaji achuchumae zake. Rangi akaomba ile ile ya mlango wa choo. Hakumkabidhi Bibi. Alikitundika tu asubuhi moja kabla watu hawajaamka, akaenda chuoni kimya kimya.

Wa kwanza kukitumia alikuwa mpangaji mwenye mguu uliofungwa plasta. Wa pili, jirani mjamzito. Siku ya tatu kulikuwa na ubishi mdogo uwanjani juu ya nani alikiacha bila kukiosha. Bibi aliusikiliza ubishi ule kupitia dirishani. Jioni yake akaondoka taratibu na fimbo yake, akaingia, akafunga mlango kwa ndani, akatoka. Hakumwita mtu.

"Mimi nilikuwa napepeta mchele," anakumbuka Shangazi. "Nikaendelea kupepeta, machozi yanadondokea kwenye ungo."

Wiki moja kabla ya mtihani, mkuu wa idara alimwita Waziri ofisini. Jopo lingekuwa na mgeni kutoka kiwanda cha samani, mtu mwenye nafasi za kazi mfukoni. "Lete kile cha mbao," akamwambia. "Hiki cha bomba kiache nyumbani kwenu kiwasaidie."

Bibi alipopata habari, alitoa mto wake, akakifuta kiti cha sebuleni vumbi. "Kichukue, mume wangu. Upate cheti. Choo hakitakimbia."

"Nilitamani," anasema Waziri bila kuficha. "Mimi si malaika. Nilikinyanyua, nikafika nacho mlangoni. Lakini ningesimama pale niseme nini? Kwamba hiki ni kiti cha choo? Hakijawahi kukiona choo."

Akakirudisha. Asubuhi ya mtihani alikiosha kile cha bomba kwa sabuni, akakianika juani, akakibeba begani. Mbele ya jopo alikikunjua na, kabla hajaambiwa, akakikalia. Mtahini mmoja alisogeza kiti chake nyuma kidogo.

"Niliwaambia, waheshimiwa, naomba tumalize kabla ya saa sita, kiti kinasubiriwa nyumbani. Wakadhani natania."

Alieleza yote, hadi habari za ua la dirishani. Mgeni wa kiwandani akauliza nani atakinunua kitu kibaya namna hiyo. Waziri akajibu kwamba uwanjani kwao familia nne zinakigombania, na kile kizuri hakina anayekitumia isipokuwa mwenye nyumba, naye hajui anachokikalia. Mgeni hakucheka. Watahini wawili kati ya watatu wakaandika: arudie.

Mkuu wa idara, alipotafutwa na gazeti hili, hakuonekana mtu wa kumchukia mwanafunzi wake. "Ana kipaji, na ana kichwa kigumu," alisema. "Sokoni bidhaa inapendwa kwanza, kutumika ni baadaye. Na kile kiti, mbali na sura, kitaota kutu miguuni kabla ya mwaka."

Waziri akifikishiwa maneno hayo, anakipindua kiti chini juu. "Kuhusu kutu anasema kweli, na sina ubishi naye," anasema, na kuonyesha miguu iliyokwanguliwa upya, tayari kuvalishwa viatu vya mpira wa tairi. "Mguu huu wa nyuma nao unanyanyuka mtu mzito akijivuta, ndiyo maana namsumbua Tani Moja. Wakinionyesha kosa, nalirekebisha. Lakini sura siibadilishi. Wanaosema ni kibaya wana magoti mazima. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Na kama jopo litakataa tena?

"Basi nitakuwa fundi asiye na cheti, mwenye kiti kinachofanya kazi. Wapo wenye cheti ambao hawana hata hicho." Anachukua msasa, anarudi kwenye mguu wenye alama ya chaki.

Watu wa viwanja viwili vya jirani wameshaagiza vya kwao. Siku ya mtihani amepanga kuwaomba watahini wampe dakika kumi, wafuatane naye hadi nyumbani. Wakikataa, atafika mbele yao na kiti kile kile, rangi ile ile.

Jioni, uwanjani, kiti kimerudi kwenye msumari wake. Bibi amekaa sebuleni kwenye kile cha mbao, ambacho sasa amekubali kwamba ni cha kwake na ni cha sebule. Mkononi ana kikombe cha chai ya rangi, cha pili jioni hii.

Shangazi anapita dirishani, anasimama, anagusa majani ya ua lililo kwenye kopo. Yamekuwa manjano, mengine yameanguka.

"Mama, ua linakufa," anasema.

Bibi hageuki. Anapuliza chai yake, anapiga funda.

"Limwagilieni maji," anasema. "Chai yangu nainywa mwenyewe."