Aliyepika Kwa Pardee

Bilha Chepkirui hajawahi kuacha jambo kwa sababu ameambiwa aache, na ukitaka kumjua mama huyu, anzia hapo. Zamani, akiishi ghorofa ya nne huko Wheaton, ughaibuni, majirani walimshitaki kwa moshi. Alikuwa akichoma vijiti apate mkaa wa kusugua kibuyu cha mursik, maziwa lala ya kwao, maana kwake maziwa yasiyo na masizi ni maziwa yaliyoharibika tu. Meneja akampa barua ya onyo. Bilha hakuacha mursik, aliacha ghorofa.

Yeye na mumewe Mutai wakapata nyumba ya shamba pembezoni mwa Germantown, nyumba ya mbao ambayo watu bado huiita kwa Pardee, ingawa Pardee wa mwisho alishahamia Florida. Shamba lenyewe limeliwa na nyumba mpya, ile ya zamani ikabaki katikati kama jino la mwisho kinywani. Hapo Bilha alichoma vijiti vyake uani na hakuna aliyekohoa. Mchana alikwenda kuosha na kulisha wazee wa watu, akiwasikiliza wakihesabu babu zao hadi wa saba, na jioni akarudi kupiga deki sakafu za Pardee. Mama mkwe wake, Tapkigen, alifia chumba cha juu. Huu ni mwaka wao wa kumi na mbili humo.

Ndipo akaja Bi Winifred, mwalimu mstaafu anayekusanya historia ya kijiji cha zamani cha hapo kwa ajili ya kitabu. Kila nyumba ya shamba ina sura yake, na kila sura ina familia zake. Alikuja kupiga picha, akamwomba Bilha kwa upole aondoe kibuyu dirishani na aanue leso zilizoanikwa, ili nyumba ionekane ya kweli.

"Kwani sasa hivi ni ya uongo?" Bilha akamuuliza.

Kibuyu hakikuondoka. Bi Winifred, ambaye si mtu mbaya, akaona haya, akamwonyesha ukurasa aliokwisha kuuandika. Pardee wa kwanza alijenga mwaka 1838. Wa pili akaongeza ghala. Wa tatu alioa mara mbili. Walikuwapo wote, hata aliyekufa kwa kupigwa teke na farasi. Mstari wa mwisho ulisema: tangu hapo nyumba imekuwa na wapangaji.

"Wapangaji hawana majina?"

"Ndiyo kanuni ya kamati," akasema Bi Winifred. "Tunaandika wenye ardhi, na waliozaliwa ndani ya nyumba. Na kitabu kinakwenda kuchapwa Jumatatu."

Bilha aliumia, tena sana. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye jembe alikuwa amelishika miaka kumi na miwili, na bado hakuwa hata na jina. Akaapa moyoni kwamba kitabu hicho hakitachapwa bila watu wake.

"Njoo Jumamosi, saa tano asubuhi," akamwambia. "Njoo na karatasi zako zote. Kuna mtu atazaliwa humu."

Jumamosi Bi Winifred alifika na maua, ana wasiwasi, huenda alitarajia kukuta ambulensi mlangoni. Akamkuta mtoto wa kike wa wiki tatu, amelala fofofo mapajani mwa Bilha. Alikuwa wa Kiprotich, mwana wa Bilha, na mkewe Edah. Hospitalini walikuwa wamemwandika "Baby Girl" tu.

"Lakini huyu ameshazaliwa," akasema Bi Winifred.

"Ametoka tumboni. Kwetu mtu huzaliwa siku anapoitwa," Bilha akajibu, kwa sauti ya mtu anayesoma katiba.

Wanawake wakakaa jikoni. Kazi yao ni kutaja marehemu wa ukoo mmoja mmoja. Mtoto akipiga chafya, basi aliyetajwa ndiye amerudi. Zamani ugoro kidogo ulisaidia. Lakini Edah ni nesi.

"Mama, ugoro hapana. Huyu ni newborn! Nitaambia nini watu wa kazini?"

Wakataja bila ugoro. Mutai alisimama mlangoni akingojea jina moja tu, la mama yake. Tapkigen likatajwa mara tatu. Mtoto akapiga miayo. Jepkosgei, dada yake Mutai, akataja shangazi na nyanya wote hadi pumzi ikamwishia.

"Mum, si mchague tu moja?" Kiprotich akasema. "Niko na shift saa tisa."

Bilha akamgeukia Bi Winifred. "Wewe una wafu wengi. Soma wa nyumba hii."

Bi Winifred akavaa miwani. Margaret Pardee. Susannah Pardee. Mtoto kimya.

"Hao walikuwa wanapika wenyewe?" Bilha akauliza. Mtu aliyefanya kazi katika nyumba za watu hukumbuka kuuliza hivyo.

Bi Winifred akasita. Akatoa karatasi ya chini kabisa, orodha ya mali ya marehemu Pardee ya mwaka 1851, akasoma polepole. "Ng'ombe kumi na mmoja. Plau mbili. Dinah, mpishi. Saa ya ukutani."

Bilha akaivuta karatasi kwa hasira. Yeye alikuwa ameachwa nje ya orodha. Huyu alikuwa ameingizwa, mtumwa katikati ya plau na saa.

"Rudia hilo jina."

"Dinah."

Mtoto akapiga chafya. Jepkosgei akapiga vigelegele, Edah akacheka hadi machozi. Ni Mutai peke yake, pale mlangoni, aliyeona ncha ya leso ya Bilha ikitoka puani mwa mtoto.

Bi Winifred, kalamu mkononi, akamgeukia. "Bwana Mutai, ndivyo ilivyo? Ni huyo?"

Mutai akamtazama mkewe. Angeweza kusema. Jina la mama yake lilikuwa limepita mara tatu, na leso ilikuwa imetulia begani. Bilha hakuinamisha macho.

"Amepiga chafya," Mutai akasema. "Nimeona mwenyewe."

Bi Winifred akafuta mstari wa wapangaji. Akaanza kuandika: Dinah Mutai, mjukuu wa Bilha Chepkirui...

Bilha akauweka mkono wake juu ya karatasi.

"Umeruka mtu," akasema. "Anza na yule aliyepika. Sisi tumemkuta."