Kioo Kilichosema Yapo

Kama kuna kitu Grisi alijivunia kuliko hata watoto wake, basi ni macho yake. Miaka thelathini katika kiwanda cha vigae, kazi yake ilikuwa moja tu: kupita kwenye mitambo asubuhi na jioni na kopo la mafuta, kuangalia kila giaboksi, lile sanduku la gia za mtambo, ina mafuta kiasi gani, na kuongeza palipopungua. Jina lake la kwenye kitambulisho hata mlinzi wa getini alishalisahau. "Mimi na vipimo wapi na wapi," alijigamba. "Nikitupa jicho, nimemaliza." Na watu walimwamini, jamani, maana alikuwa mchapakazi kweli, si mtu wa kupiga soga nyuma ya stoo.

Rafiki yake wa chanda na pete alikuwa Honi, opereta wa kinu kikubwa cha kusaga udongo. Aliitwa Honi kwa sababu ya sauti yake. Kinu kile kilinguruma mpaka watu wakaongea kwa mikono, lakini Honi akikuita kutoka upande wa pili unamsikia, na majirani wa kiwanda nao wanamsikia. Nyumba zao zilitazamana. Wake zao waliazimana kila kitu, kuanzia chumvi mpaka watoto.

Sasa, giaboksi ya kile kinu ilikuwa na kioo ubavuni, cha duara, ukubwa wa mdomo wa kikombe. Mafuta yakiwa sawa unayaona yamefika nusu, rangi ya kahawia. Na kwa muda mrefu kioo kilionyesha nusu. Asubuhi nusu, jioni nusu, mwezi huu nusu, mwezi ujao nusu ile ile. Mwingine angejiuliza. Grisi yeye alifurahi! "Huyu halewi," alimwambia Honi, akiipigapiga giaboksi mgongoni. "Hanywi hata tone."

"Halewi, ila ana homa," Honi akamjibu asubuhi moja. "Hebu weka mkono hapa. Na tangu juzi anakwaruza. Nisimamishe kinu, ufungue kizibo cha juu, uchovye waya tuone."

Kuchovya waya ilikuwa kazi ya robo saa. Si ngumu hata kidogo. Lakini Honi alilisema kwa ile sauti yake, na mafundi watatu walikuwa wamesimama pale na vikombe vya chai, na mmoja akacheka. Basi Grisi akapandwa na mori.

"Tangu lini opereta akanifundisha mimi mafuta? Wewe jaza udongo wako. Kioo hicho hapo, una macho, tazama!"

Honi akatazama. Nusu. Akainua mikono juu. "Haya bwana, yaishe."

Haijafika saa sita mchana, giaboksi ikakwama. Kikalia kishindo, shafti, chuma kinachozungusha kinu, ikakatika vipande viwili, na kinu kikasimama na shehena nzima tumboni. Hakuna aliyeumia. Meneja akaja mbio na swali moja: mafuta yalikuwepo? "Yalikuwepo," Grisi akajibu bila kupepesa. "Nimeyaona asubuhi kwa macho yangu, na hata sasa yapo." Meneja akainama kwenye kioo, akaona nusu. Basi kama mafuta yapo, aliyekosa ni nani? Si aliyejaza kinu kupita kiasi?

Honi akaapa kwamba hakuzidisha hata beleshi moja. Akamgeukia rafiki yake. "Grisi, waambie asubuhi nilikwambia nini!"

Grisi akakitazama kitambaa alichoshika. "Alisema ina joto," akasema. "Lakini ukizidisha mzigo, si ndiyo inapata joto?"

Aliamini alichokisema, hilo tumpe. Lakini angeweza kutaja waya, na hakuutaja. Wiki haikuisha, Honi akapewa barua ya kuachishwa kazi. Ikaletwa giaboksi mpya, ya zamani ikaburutwa uani, ikaota majani.

Miaka saba ikapita. Kila kiwanda Honi alikobisha hodi walimuuliza aliachaje kazi ya kwanza, akajibu, wakamwambia watamwita. Akaishia kusuka viti barazani kwake. Sauti ikapungua mpaka mtu unamwinamia ndiyo umsikie. Hakumnunia Grisi, walisalimiana kila asubuhi, na hizo salamu zilimchoma Grisi kuliko matusi. Mwaka wa tano mke wa Honi akaugua, akafa. Siku ya mazishi Grisi alibeba mabenchi, akapanga, akapangua, neno la maana hakulipata.

Ndipo wakaja wanunuzi wa chuma chakavu. Grisi akaambiwa amwage mafuta ya ile giaboksi ya uani kabla haijakatwa. Akaweka karai chini, akafungua kizibo cha chini. Kimya. Hakikutoka kitu. Akatazama kioo: nusu. Akakifuta kwa kitambaa: nusu. Akapanda juu, akafungua kizibo, akachovya waya, na waya ukatoka mkavu.

Akakifungua kile kioo kwa spana, akakigeuza. Upande wa ndani kulikuwa na utando wa kahawia, unang'aa, umeganda mpaka nusu kamili. Mafundi huuita vanishi. Mafuta yakikaa sana bila kubadilishwa, yakapikwa na joto mwaka hadi mwaka, huacha utando huo, na hautoki kwa kitambaa. Mafuta yenyewe yalikuwa yamevuja taratibu kwa nyuma, udongo wa sakafuni kule kinuni ukayanywa, kabla hata shafti haijakatika. Kwenye kioo ilibaki alama yao tu. Grisi alikuwa akiikagua alama.

"Mzee, kitupe humo twende," mnunuzi akamwambia. Na angekitupa, nani angejua? Mwezi mmoja tu ulibaki astaafu kwa heshima zake. Akakitia mfuko wa shati.

Alianzia kwa meneja. Huyu alikuwa mpya, kijana mpole. "Mzee wangu, hayo ni ya zamani," akasema. "Hata faili lenyewe sijui liko wapi." Grisi akatoka, akaenda moja kwa moja kwa Honi, bado amevaa ovaroli.

"Karibu. Kiti hicho usikalie, bado hakina makalio," Honi akasema. Grisi akakaa kwenye ngazi, akamwekea kioo kiganjani.

"Kisome."

Honi akakiinua kwenye mwanga. "Nusu. Mafuta yapo."

"Kigeuze."

Honi akakigeuza juu chini. Ile kahawia ikapanda juu, ikabaki huko huko juu.

"Hayakuwepo," Grisi akasema. "Siku ile hayakuwepo hata tone. Ulisema tuchovye, nikakataa kwa ujeuri wangu. Halafu nikanyamaza."

Akangoja atukanwe. Laiti angetukanwa! Honi alikisugua kioo kwa dole gumba, taratibu.

"Unajua, mimi mwenyewe nilishakubali," akasema. "Nilifika mahali nikaona labda nilizidisha kweli, nimesahau tu." "Na marehemu. Barua ilipokuja alilia, halafu akaniambia, mume wangu, limeshatokea, mimi nimekusamehe. Kila nikikosa kazi ananiambia tena. Mpaka hospitali, Grisi. Neno lake la mwisho kwangu ndilo hilo. Nimekusamehe."

Tangu getini mpaka pale barazani Grisi alikuwa amebeba neno moja tu la kumwambia rafiki yake: nisamehe. Sasa angelitoa kwa mdomo gani? Akalimeza. Alipoinuka kuaga, Honi hakumtazama. Alikuwa amekielekeza kile kioo kwenye mwanga, anakigeuza, anakigeuza tena.